Mlima ndani ya hori la jiwe

Januari ile, hapa Edinburgh, nilipoteza mimea saba ya milimani niliyoipanda kwenye hori la jiwe, yote ndani ya wiki mbili, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba imeuliwa na baridi. Theluji ilikuwa imelala uwanjani siku nne, maji ya kwenye ndoo yameganda mpaka ukigonga yanaitika kama mlango, mi nikajua basi, nimeweka viumbe nje bila blanketi na vimekufa. Nikavuta mmoja, wanauita androsasi, ukaja mzima mkononi bila ubishi wowote, chini hakuna mzizi, kuna kitu cheusi kinateleza na kinanuka dimbwi. Nikaupiga picha nikamtumia baba mdogo Marangu kwa WhatsApp, nikamwandikia shikamoo baba, ona baridi ya huku ilivyoniulia maua. Akajibu kwa voisi noti, nyuma nasikia kuku na mtu anapasua kuni. Akasema: "Marahaba mwanangu. Hiyo sio baridi. Hiyo imelowa."

Baba mdogo amekuwa mgumu zaidi ya miaka ishirini. Kwa msiotoka kwetu, wagumu ndio wanaobeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro, mahema, chakula, mitungi ya gesi, hadi meza na viti vya kulia, kilo ishirini kichwani au begani. Nilivyokuwa mdogo nilidhani hatari ya kazi yake iko kule juu Kibo kwenye barafu, mita 5,895, yeye siku zote anakataa, anasema mgumu anauliwa na msitu. Na ukiangalia mlima ulivyo anasema kweli, maana kwa upande wetu wa kusini mvua nyingi kabisa inaangukia ule ukanda wa msitu, kwenye kama mita 2,200 hivi ndio kilele cha mvua, karibu milimita 3,000 kwa mwaka, alafu ukishaupita msitu mvua inazidi kupungua mpaka kule kati ya Mawenzi na Kibo unatembea kwenye vumbi na mawe kama jangwani. Sasa mtu analowa msituni, hana nguo ya kubadili, anapanda na ileile mbichi mpaka kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, jua likizama inamgandia mwilini. Mwenzake mwenye sweta kavu na soksi kavu alizofunga kwenye rambo atatetemeka usiku kucha lakini asubuhi ataamka atabeba. Baba mdogo ameshuhudia yote mawili. Ndio maana alivyoona ule mzizi mweusi kwenye simu hakuhitaji kuuliza niko nchi gani.

Niseme kwanza hilo hori lilinifikiaje. Naishi Edinburgh, Uskoti, kwenye jengo la ghorofa lenye uwanja wa nyuma ambao wapangaji wote tunautumia, na ghorofa ya chini anakaa bibi mmoja ambaye marehemu mume wake alikuwa mtu wa mimea ya milimani. Aliacha mahori matatu ya mawe uani. Nyonga ya bibi ikaanza kumsumbua, hawezi tena kuinama, siku moja nilikuwa naanika nguo akaniambia nichukue moja, ila nilihamishie upande wangu wa ukuta ili yeye alione kutoka dirishani. Tulilisogeza watu wanne kwa kuliviringisha juu ya mabomba ya chuma, mita kumi tu lakini ilichukua mchana mzima, maana jiwe la urefu wa mita moja lililochongwa ndani linapita kilo 150 kirahisi. Nilikuwa natoka shifti ya usiku, sikulala siku ile, na sikusikia usingizi.

Haya mahori yana historia yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunyweshea ng'ombe na farasi, na yale mafupi ya chini yalikuwa masinki ya jikoni, mama wa nyumbani wa shamba anaoshea vyombo humo. Yalipokuja masinki ya kauri, meupe, mepesi kusafisha, yale ya mawe yakatolewa nje yakabaki nyuma ya mabanda hayana kazi. Kwenye miaka ya 1920 na 1930 mtu mmoja aliyekuwa na kitalu cha mimea huko Stevenage, Clarence Elliott, akawa anayajaza udongo wa kokoto na kupanda mimea ya milimani, watu wakaona, ukawa mtindo Uingereza nzima. Ni muda huohuo ambapo wapenzi wa mimea hii walikuwa wanajikusanya, Alpine Garden Society ilianzishwa 1929 na wenzao wa Uskoti, Scottish Rock Garden Club, 1933. Zote zipo mpaka leo.

Na sababu hori linafaa ni ileile ya mlimani. Mtu akisikia mmea wa milimani anafikiria kitu kigumu kisichohitaji kutunzwa, au kinyume chake, kitu laini cha kufunikwa funikwa. Hauko hivyo wala vile. Mimea hii imejifanya midogo kwa makusudi, mingi ina umbo la mto wa kulalia, majani madogo yamebanana mpaka ukiweka kiganja juu yake unahisi kitu kigumu kama mpira, upepo unapita juu na joto la jua linabaki ndani. Ila chini ya mto wenye upana wa kiganja unaweza kukuta mzizi unaoshuka kwenye ufa wa jiwe kina cha mkono mzima kutafuta maji. Huko ndani kuna unyevu wa kutosha na hautuami, unapita. Na wakati wa baridi, huko Alpsi, milima ya Ulaya, theluji inaufunika miezi mitano sita, chini yake ni pakavu, upepo haufiki, joto linakaa hapohapo jirani na sifuri, mmea umelala kama mtoto chini ya blanketi.

Sasa uuchukue huo uulete Edinburgh. Hapa baridi yenyewe sio kali sana, ni mara chache kufika kumi chini ya sifuri. Shida ni kwamba inanyesha manyunyu, inaganda, inayeyuka, inanyesha tena, kuanzia Oktoba mpaka Machi, na Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa tisa na dakika arobaini limeshazama, kwahiyo hakuna kinachokauka. Mmea unaovumilia ishirini chini ya sifuri chini ya theluji kavu unaoza kwenye nyuzi nne za mvua. Nimelisema hili kwa watu wengi na bado naona wananunua chungu kizuri, udongo mweusi wa gunia, wanaweka kwenye sahani ya kushikia maji. Inaniuma, maana mimea yenyewe haikosei chochote.

Na mimi ndivyo nilivyoua ile saba. Kwetu kihambani unajifunza mapema kwamba mche unamwagiliwa, kahawa changa, migomba, mboga, tuna mifongo inaleta maji toka juu mlimani na mtoto anatumwa kwenda kufungua maji zamu yetu ikifika. Mikono yangu ilijua kwamba kupenda mmea ni kuupa maji. Nikajaza hori udongo mweusi mtamu, ukiushika unaganda mkononi kama keki, nikamwagilia kila nikitoka kazini. Kosa lenyewe kubwa hata halikuwa hilo. Tulivyolishusha lile hori tulililaza chali juu ya bamba la sakafu, jiwe juu ya jiwe, na tundu lake la chini likazibika kabisa. Bibi ndiye aliyeligundua, alikuja na fimbo yake siku ile ninang'oa maiti, akaangalia chini ya hori kwa muda mrefu, akauliza maji yanatokea wapi. Sikuwa na jibu. Watu wawili tofauti, mmoja Marangu na mmoja dirishani kwake, ndani ya siku mbili wakanielekeza kwenye jambo moja.

Nikaanza upya. Hori likainuliwa likakalishwa juu ya matofali manne, mawili kila upande, ili hewa ipite chini na niweze kuingiza mkono. Tundu tukaliongezea lingine kwa drili ya mawe, kila moja upana wa sentimita mbili na nusu na zaidi kidogo, juu yake wavu na vigae vya chungu kilichovunjika ili udongo usizibe. Alafu udongo wenyewe, hapa ndio sikuamini mwanzoni, ndoo moja ya udongo wa kawaida, ndoo moja ya mboji ya majani yaliyooza, ndoo moja na nusu ya kokoto ndogondogo za kuchongoka, zile za mtoni za mviringo hazifai sana maana hazishikani na hazipitishi vizuri. Ukiukamata mkononi na kuuachia unatakiwa usambaratike. Kwa mtu aliyelelewa na udongo wa Marangu kuchanganya kokoto hivyo unajisikia kama unatia mchanga kwenye ugali, lakini nikafanya.

Kisha mawe. Usiyaweke juu kama mapambo, yazike, theluthi mbili ndani, na mistari yake ielekee upande mmoja, kama vile mwamba mkubwa uko chini na umechomoza hapo tu. Wacheki wana namna yao wanayasimamisha mawe bapa wima yamebanana kama vitabu kwenye rafu na wanapanda kwenye nyufa, mzizi hauna pa kwenda isipokuwa chini, nimeiga hiyo upande mmoja wa hori na ndio upande unaostawi kuliko wote. Juu kabisa unamalizia na kokoto tupu unene wa sentimita mbili tatu, ili shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mzizi, iwe pakavu muda wote. Shingo ndio inaoza kwanza. Nilivyomweleza baba mdogo kuhusu shingo akacheka kwa furaha, akasema hata mtu ni hivyohivyo, funga shingo na badili soksi.

Wasio na hori la jiwe wasikate tamaa, na wengi hawana, maana siku hizi ya zamani yanauzwa bei ya kutisha. Kuna kitu kinaitwa haipatufa, jiwe la kutengeneza mwenyewe. Simenti kipimo kimoja, mchanga kimoja na nusu, na piti vipimo viwili, piti ni ule udongo mweusi wa kwenye vinamasi, ila mi natumia machicha ya makumbi ya nazi, maana vinamasi vya Uskoti vimechimbwa vya kutosha. Unachanganya na maji kidogokidogo mpaka ukifinya tonge linashikana na kutoa tone moja mbili tu. Unachukua maboksi mawili ya karatasi ngumu, dogo ndani ya kubwa, nafasi katikati sentimita tano, unashindilia mchanganyiko, katikati unapitisha wavu wa banda la kuku usipasuke, na kwenye kitako unachomeka vijiti vinene ambavyo ukivitoa ndio matundu. Unafunika na nailoni likauke polepole. Baada ya siku mbili unavua boksi, bado laini kidogo, unalikwangua na brashi ya waya mpaka lipoteze ule ulaini wa kiwandani, kisha unaliacha mwezi mzima mvuani litoe ukali wa simenti kabla ya kupanda. Wengine wanalipaka mtindi kwa nje ili ukungu na kuvu vya kijani viote haraka. Mi nimepaka, na kweli baada ya majira mawili ya mvua mgeni hajui lipi la jiwe na lipi la simenti.

Sasa nilichopanda. Siwezi kuwatajia yote lakini kuna mitatu ambayo nikiwa kazini usiku naiwaza. Wa kwanza ni saksifraga ya fedha, ina majani kama ulimi mdogo, na pembezoni mwa kila jani kuna vidoti vyeupe vimejipanga kama shanga. Hivyo vidoti ni chokaa, mmea unaitoa yenyewe na maji kupitia vitundu vya pembeni ya jani, maji yanakauka chokaa inabaki. Ukikwangua kwa ukucha inatoka. Wa pili ni sempavivamu ya utando, inasuka nyuzi nyeupe toka ncha ya jani hadi ncha ya jani utadhani buibui amelala hapo, ndugu zake wakubwa watu wa Ulaya waliwahi kuwapanda juu ya mapaa ya nyumba wakiamini wanazuia radi, na Mfalme Karolo Mkuu zaidi ya miaka 1,200 iliyopita iliandikwa kwenye maagizo ya mashamba yake kwamba mtunza bustani awe nayo juu ya nyumba yake.

Wa tatu ni saksifraga ya zambarau, hii ni ya hapahapa Uskoti, inaota Ben Lawers ambao ni mlima wa mita 1,214 tu, na hiyohiyo imekutwa kwenye mlima Dom huko Uswisi juu ya mita 4,500, hakuna ua linalojulikana Ulaya linaloishi juu kuliko hapo. Inatambaa chini kabisa, majani madogo kama chembe za mchele, mwaka mzima hakuna anayeiangalia, alafu Machi, wakati bado navaa glavu, inajifunika maua mpaka majani hayaonekani. Niliketi chini siku ya kwanza ilivyofanya hivyo, kwenye sakafu yenye maji, sikujali.

Watu wa nyumbani wananiuliza kwanini sijapanda ya kwetu, ile miti ya ajabu ya Kilimanjaro, senesio na lobelia. Jambo la kwanza, mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1973, hung'oi kitu, na baba mdogo angeninyima salamu. Lakini hata ningekuwa na mbegu halali isingekaa nje Edinburgh, na sababu yake imenifundisha mengi kuliko kitu kingine. Kuna mtaalamu wa mimea Mswidi, Olov Hedberg, alisoma milima ya Afrika Mashariki akaieleza hivi, kwamba kule juu ni kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku. Mimea ya Alpsi inajiandaa mara moja kwa mwaka. Ya kwetu inajiandaa kila jioni. Senesio inakunja majani kuizunguka kichwa chake jua likizama, na yale majani makavu yaliyokufa haiyaangushi, yanabaki yameuvika mti mwili mzima kama koti.

Lobelia ndio ilinichanganya kabisa, maana lobelia ya Kilimanjaro inatunza maji katikati ya majani yake, bakuli zima limejaa, kwenye baridi ya kugandisha! Nikampigia baba mdogo nikamwambia ona, hii imelowa na haifi. Akanyamaza kidogo, akasema asubuhi na mapema akipita pale Horombo anaona barafu juu ya yale maji, ukiipasua kwa kidole chini ni maji. Na ndivyo ilivyo, ile barafu ya juu inakuwa kifuniko, chini maji hayafiki kuganda, na chipukizi limekaa humo salama mpaka jua litoke saa kumi na mbili. Usiku mmoja linaweza. Siku kadhaa mfululizo za kuganda, kama zile za Januari Edinburgh, bakuli lote lingekuwa jiwe mpaka kwenye moyo. Baba mdogo akasema basi hiyo ya kwetu inajua kesho jua linatoka, ya huko haina uhakika.

Bado naliwaza hilo.

Mbegu nazo zina mambo yake. Klabu ya Uskoti kila mwaka wanachama wanakusanya mbegu za bustanini kwao na kugawana, maelfu ya aina, na mi napata vibahasha vyangu Januari. Kwetu ukipanda maharage wiki haiishi yameshatoka. Hizi, jentiana kwa mfano, ukiziweka ndani penye joto hazioti, zinataka zipigwe baridi kwanza ndio ziamini kwamba majira ya baridi yamekuja na yamepita. Kwahiyo unapanda kwenye kichungu, unafunika na kokoto, unakitoa nje kwenye theluji na kukiacha. Zingine zinatoka Aprili. Zingine zinatoka Aprili ya mwaka wa pili, nina kichungu kimoja nilikaribia kukimwaga, bibi akanikataza kupitia dirishani kwa kugonga kioo.

Kwa mtu anayetaka kuona kabla ya kujaribu, Royal Botanic Garden hapa Edinburgh kuingia bustanini ni bure, wana mahori yamepangwa na nyumba ya kioo yenye ukuta wa tufa, lile jiwe lenye matundu kama sponji, wanalitoboa mashimo na kuchomeka miche midogo humo, mizizi inaingia kwenye jiwe lenyewe. Nimesimama pale na yunifomu ya kazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Na sasa ni Novemba tena. Wiki iliyopita nimeweka vipande vya kioo juu ya androsasi mpya, vimesimama kwenye waya nne, pembeni wazi upepo upite, juu mvua isipite. Nimeng'oa mimea miwili kuangalia mabuu meupe ya wadudu wanaokula mizizi, hakuna. Ndege weusi wamefukua kona moja wakitafuta minyoo, nimerudishia kokoto. Baba mdogo ameacha kupanda mlima mwaka huu, magoti, sasa yuko nyumbani na simu ina chaji muda wote, na nadhani anafuatilia hali ya hewa ya Edinburgh kuliko mimi. Jana usiku ilinyesha tangu saa moja, saa nne voisi noti ikaingia, hakuna salamu wala nini, ameuliza tu, "Matundu yako wazi?" Nikavaa koti la mvua, nikachukua kipande cha waya nilichokininginiza kwenye msumari wa mlango wa nyuma, nikaenda nikapiga magoti kwenye maji nikaingiza mkono chini ya hori, tundu la kwanza linatiririka. La pili nililisukuma na waya mara mbili ndio likafunguka, maji yakanishukia ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, ya baridi kabisa, na masafi.